Yule wa Kwenye Simu

Tarehe 4 Machi, mwaka wa thelathini na sita tangu niondoke

Mpwa wangu,

Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na baba watoto na wanao ambao ninawajua kwa picha tu. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi na linanyamaza mchana, na kwa umri wangu hayo ni mapatano mazuri. Mama yako mpe salamu zangu, mwambie kwamba simu ya juzi ilikatika kwa bahati mbaya.

Najua utauliza kwa nini Mjomba anaandika barua wakati dunia nzima inapiga simu. Jengo ninaloishi lina simu moja ya ukutani, ipo chini ya ngazi, ya wapangaji wote. Zamani tulikuwa tukipanga foleni. Siku hizi niko peke yangu, maana kila mtu ana yake mfukoni, na ungedhani sasa ningeongea kwa raha. Thubutu! Nikiinua mkonga tu, jirani wa ghorofa ya pili anashuka ngazi akiongea kwenye yake, anakuja kusimama ubavuni kwangu kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika, na tunaanza kushindana kwa sauti. Siku ile nilipompigia mama yako kumwambia kwamba nimeamua kurudi nyumbani, kurudi kukaa, si kutembea, jirani alikuwa akimweleza mtu habari za bomba la choo lililoziba. Jambo nililolibeba miaka yote hii nikalitamka katikati ya bomba la choo.

Nikikimbia hapo naenda kwenye ukumbi wa kusomea wa maktaba. Unajua kazi yangu ilikuwa kusoma prufu kiwandani, kuwinda makosa ya watu kabla kitabu hakijachapwa, na kazi hiyo humzoesha mtu kimya kama wengine wanavyozoea sukari. Humo ukumbini kuna kijana anayepokea simu kwa kunong'ona. Anadhani kunong'ona ndiyo adabu. Mnong'ono wake unafika hadi kwenye rafu ya kamusi, na unarudi. "Nakusikia, nakusikia, we sema tu, niko maktaba." Sasa kama uko maktaba, mwanangu, si utoke? Mlango uko hatua chache nyuma yako.

Kuhusu kurudi kwangu, tusiwe na haraka. Tuliache lipoe kidogo.

Mjomba wako

*

9 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika baada ya mwezi na zaidi, kona moja imelowa. Sisi hatujambo. Wajukuu zako wanasoma, baba watoto anakohoa lakini ni kikohozi cha rangi, nitakueleza. Mama anakusalimu sana. Nimemsomea barua yako mimi mwenyewe, na kwa kuwa lazima nimsomee kwa sauti ya juu, mtaa mzima sasa unalijua goti lako.

Lipoe? Mjomba, lipoe nini? Mama alirudi nyumbani siku ile akatuambia unarudi, akaingia ndani kulala mchana kweupe. Kesho yake tukaanza kazi. Chumba cha uani tumetoa magunia na baiskeli mbovu na mlango wa friji ambao hakuna anayejua ulikotoka. Tumepaka rangi mara mbili. Ndicho kikohozi nilichokutajia. Baba watoto ameweka dirisha kwa mikono yake mwenyewe, na habari za mikono yake unazijua. Kitanda kimefika, tumekitandika. Kila asubuhi nafagia chumba cha mtu ambaye anasema lipoe.

Halafu unanilalamikia simu! Njoo ukae kazini kwangu saa moja tu. Mimi napima masikio. Mgonjwa anaingia kibandani, namvalisha hedifoni, namfungia mlango, nakaa upande wa pili wa kioo namtumia milio midogo, mmoja mmoja. Akiusikia ananyoosha mkono. Kazi yote ni kimya, basi. Nje nimebandika karatasi: ZIMA SIMU. Watu wanaisoma, tena wanamsomea yule wanayeongea naye: "Ngoja, hapa wameandika zima simu. Ehe, endelea." Bosi wetu ndiye balaa zaidi. Anaingia anaongea, ananiinulia kidole kimoja, kana kwamba kidole kikiwa juu kelele haziingii.

Siku uliyopiga, mama alikuwa ameniletea chakula cha mchana, akakaa kwenye benchi na wagonjwa. Hasikii vizuri, Mjomba, na hataki kusikia kwamba hasikii. Wanangu wanamwita Bibi Spika, kwa sababu simu yake daima iko kwenye spika, sauti mwisho kabisa, iwe benki, iwe msibani. Kibandani nilikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa udereva, masikio yanamlia. Mpira wa mlango wa kibanda umechakaa, naomba mwingine tangu mwaka juzi. Ukaanza kuongea. "Mdogo wangu, narudi." Mgonjwa akanyoosha mkono. "Narudi kukaa." Akanyoosha mkono. Nilikuwa sijamtumia mlio wowote! Alikuwa anakunyooshea wewe. Kwa kipimo kile, mzee anasikia kuliko paka.

Nikamvua hedifoni, nikazivaa mwenyewe kidogo kuhakikisha mashine si mbovu, kisha nikajipanga kwenda kumfokea mama. Nilipofungua mlango nilimkuta na simu mkononi, imezimika, na benchi zima kimya. Kimya ambacho karatasi yangu haijawahi kukipata.

Mama anasema ilikatika. Wewe unasema ilikatika. Haya, ilikatika. Lakini mlikuwa mkiongea kila wiki, na tangu siku ile hakuna anayempigia mwenzake. Mmegombana? Kama ni shida ya jirani na bomba lake, nunua simu ya mkononi kama binadamu wengine, yenye kamera, tuonane nyuso. Mama hajauona uso wako tangu mimi nikiwa na meno mawili.

Unakuja lini? Nataka tarehe.

Mpwa wako

*

15 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba nyote wazima. Mwambie baba watoto dirisha likikwama asilipige nyundo. Amwite fundi, na ajifanye alikuwa amepanga hivyo tangu mwanzo.

Habari za mgonjwa wako zimenichekesha hadi jirani akagonga ukuta, yeye! Nina habari zangu pia. Msimamizi wa ukumbi wa kusomea, mama mmoja mnene mwenye sauti nyembamba sana, alinijia mezani. "Mzee Kimya," akasema, ndivyo wanavyoniita hapa na wala hawakuniuliza kama napenda, "wewe umeishi na maandishi. Tutungie tangazo la simu ambalo halitawaudhi watu." Nikalitunga siku nzima, nikalisahihisha kama kitabu. Sikuandika zima simu; hilo umeshaona linavyosomwa. Niliandika: "Aliyekaa kando yako hakumkaribisha ndugu yako humu. Simu ikiita, toka nayo kabla hujaipokea." Wamelitia kwenye fremu, wamelitundika juu ya meza yangu. Kijana wa nakusikia-nakusikia alilisoma kwa makini. Akalipiga picha kwa simu yake, nayo ikatoa mlio.

Lakini kunong'ona na milio ni makosa madogo. Kuna kosa kubwa ambalo hakuna anayelitundikia tangazo. Mtu ukimweka kwenye spika, mwambie umemweka, na umwambie ni akina nani waliopo. Anayedhani anaongea na mtu mmoja asije akawa anahutubia benchi. Na mkishaagana, hakikisha umekata. Tazama kioo cha simu. Usikiamini kidole. Waambie wagonjwa wako hivyo. Nyumbani pia waambie.

Unauliza kama tumegombana. Hatujagombana. Mstari ni mbaya tu.

Simu ya kamera siitaki. Mtu anapiga simu aongee, si akaguliwe. Humu maktaba namwona binti mmoja anayeiinua yake mbele ya uso wake akimwonyesha mama yake alichokula, na nyuma yake tunaonekana sote tumekaa kama tuliokamatwa. Sikuiombea sura yangu safari hiyo.

Mama yako bado anaimba akifua? Hujaniambia.

Kuhusu tarehe, tutaona.

Mjomba wako

*

28 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na leo shikamoo hiyo naitoa huku nimekunja uso. Watoto wazima, kikohozi kimepona, dirisha limekwama, fundi amekuja. Mama haimbi akifua. Sikuwa nimelitambua hadi uliponiuliza, na nikajiona mjinga kwamba anayejua nyimbo za nyumbani kwangu ni mtu aliye ng'ambo ya dunia.

Sasa sikiliza. Mwalimu wa udereva amerudi kupimwa upya. Amekaa kwenye kiti, hata sijamvalisha hedifoni, akaniuliza:

"Yule mjomba wenu alishafika?"

"Bado, mzee."

"Ahaa." Akatikisa kichwa kama mtu anayetazama gari linarudi nyuma bila dereva kugeuka. "Basi alisikia."

"Alisikia nini?"

"Binti, mimi nimekuja kupimwa masikio. Sikuja kupeleka maneno ya watu."

"Mzee wangu, siku ile ulininyooshea mkono kwa mambo yasiyokuhusu, ukanivurugia kazi yote. Leo ndiyo umeikumbuka adabu?"

Akacheka, akajikuna shingo. Akasema simu haikukatika. Mama alibonyeza, lakini hakubonyeza penyewe. Yeye kupitia kioo aliiona taa ya simu bado inawaka. Mama mmoja kwenye benchi akampongeza: "Hongera, dada, kaka anarudi!" Na mama yangu, kwa sauti ya mtu anayeita teksi ng'ambo ya barabara, akasema, "Hongera ya nini? Asirudi."

"Alisema asirudi?"

"Alisema na mengine. Hayo mwulize mwenyewe."

Nikaenda nyumbani moja kwa moja. Nilimkuta anakunja nguo.

"Mama, ulisema mjomba asirudi?"

"Eh?"

"MJOMBA! ULISEMA ASIRUDI?"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

Akakunja shuka zima, pembe kwa pembe, ndipo akajibu. "Nilisema. Akija atataka tuongee. Unajua sisi tulivyokuwa tukiongea, chinichini, pazia katikati, baba asitusikie. Sasa nitakaa naye natikisa kichwa kama mjusi. Kwenye simu naongeza sauti. Yeye nitamwongezea wapi?"

Mjomba, nilikaa sakafuni! Masikio! Mimi ndiyo kazi yangu! Miaka mitano namwomba aingie kile kibanda, na miaka mitano ananiambia vijana siku hizi mnaongea mdomo umefungwa. Watu kutoka mikoa mitatu wananijia, mama yangu mzazi anaona aibu kukaa kwenye kiti changu, na kwa sababu hiyo anaona bora asimwone kaka yake!

Na wewe usidhani umepona. Ulisikia. Ulisikia, ukanyamaza, ukaniandikia ukurasa mzima wa tangazo lenye fremu. "Usikiamini kidole." Nilidhani unatufundisha adabu, kumbe unalia.

Nimemwambia mama asipopimwa mwezi huu nampeleka kwa jirani zangu wa idara ya meno. Amekubali. Akivaa kifaa masikioni atakusikia hata ukinong'ona. Kwa hiyo sababu imekwisha, na chumba kipo. Andika tarehe.

Mpwa wako

*

2 Agosti

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nimenunua simu. Ni ile ndogo ya vitufe, haina kamera. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpe mama yako, na mtu mwingine asiipige kabla yake.

Goti ni lilelile. Mengine nitaandika nikijua namna ya kuyaandika.

Mjomba wako

*

5 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Wote wazima, tena bibi wa nyumba hii mzima kupita kiasi.

Nianze na kipimo. Mama aligoma kuacha mkoba nje. "Siwezi kuuacha na watu nisiowajua." Wagonjwa wa benchini anawajua kwa majina na magonjwa yao, lakini haya. Nikamvalisha hedifoni, nikamfungia mlango, naanza na mlio wa kwanza, na simu yake ikalia mkobani. Ndani ya kibanda changu! Akaipokea, na hedifoni kichwani, kwenye spika. Alikuwa bosi wangu, ananitafuta mimi kwa sababu simu yangu nilikuwa nimeizima kama karatasi inavyosema. Nilimwinulia kidole kimoja.

Tulipomaliza nilikaa na karatasi ya majibu muda mrefu. Anachokosa mama ni sauti nyembamba: za watoto, za ndege, ya kengele ya mlango, yangu. Kwa umri wake ni kawaida. Sauti nzito zimebaki karibu zote. Mwanamume wa sauti kama yako akikaa mezani naye, chumba kikiwa kimetulia, angemsikia bila kifaa chochote. Chinichini au vinginevyo.

Nikamwambia. Akaniangalia, akasema, "Ala, kumbe," akauliza kama kifaa kinapatikana cha rangi ya ngozi yake. Amekivaa tangu siku hiyo. Anasema hakujua mlango wa kabati unapiga kelele vile. Anasema pia, na ameniambia niandike kama alivyosema: "Mwambie aje. Siku ile nilikuwa naropoka tu."

Lakini Mjomba, mimi napima masikio, sidanganywi na masikio. Sababu yake haikuwa hiyo. Mwalimu wa udereva alisema kuna mengine. Mama hayasemi, akiulizwa anakitoa kifaa. Na wewe uliyasikia yote.

Halafu ile simu yako! Mama alipiga namba uliyotuma, nimekaa pembeni yake. Ikaita, tukasikia kishindo kama kiti kimeanguka, kisha sauti yako inapasua: "NAKUSIKIA! NAKUSIKIA! SEMA TU!" Kisha sauti nyembamba ya mwanamke, kali kama sindano. Kisha kimya. Kuna nini huko? Wamekukamata?

Andika. Na safari hii usiniandikie habari za jirani.

Mpwa wako

*

10 Oktoba, mwaka uleule wa thelathini na sita

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuhusu kifaa na kuhusu kidole ulichomwinulia bosi wako. Hicho ningelipa nauli kukiona. Goti limenipa likizo wiki hii. Jirani wa bomba amehama, na aliyekuja ana mtoto mchanga, kwa hiyo kelele zenyewe zimebadilika tu.

Hawakunikamata, lakini ilibaki kidogo. Nilikuwa nimekaa pale mezani kwangu, simu mfukoni, na kwa kuwa sijawahi kuwa nayo sikujua kwamba ni mimi ndiye ninayelia. Niliwatazama wengine kwa hasira. Nilimtazama kijana wa nakusikia-nakusikia, naye akanyoosha kidole kwenye koti langu. Nikaitoa, nikaona namba ya nyumbani, na adabu yote niliyoitungia fremu ikanitoka. Nikasimama, kiti kikaanguka. Nilijua mama yako hasikii vizuri, basi nikapaaza sauti ili anisikie. Yaliyonitoka mdomoni ndiyo uliyoyasikia.

Msimamizi hakusema mengi. Alisema, "Mzee Kimya! Hata wewe?" akaonyesha tangazo. Nikalisoma. Halina kosa hata moja. Nikabonyeza kitufe nisichokijua, simu ikafa, nikatoka na kofia mkononi. Mlangoni kijana akaweka kidole kwenye midomo yake kuninyamazisha, polepole, kama mimi nilivyomfanyia mara nyingi. Nilistahili.

Umesema nisikuandikie habari za jirani. Sawa.

Siku ile ya benchi, mama yako aliponiaga na kubonyeza pasipo penyewe, adabu ingetaka mimi nikate. Sikukata. Nilisikia akipongezwa, nikabaki nisikie atajibu nini, kama mtu anayebaki mlangoni baada ya kuaga ili asikie watakavyomsema. Akasema asirudi. Yule mama akamwuliza, "Kulikoni dada, mna ugomvi?" Na mdogo wangu akasema haya, ninayaandika kama alivyoyasema, maana nilisoma prufu maisha yangu yote na maneno ya watu siyabadilishi:

"Hatuna ugomvi. Huyu wa kwenye simu ana miaka thelathini na moja. Sauti yake ni ileile ya siku alipotoka mlangoni. Akiongea namwona na shati lake la kijani na nywele zake zote. Akirudi atashuka mzee na mkongojo, na nitampokea, nitampikia, nitampenda. Lakini huyu wangu atakuwa amekufa. Na watu watakuwa wananipongeza. Nitamlilia nani?"

Hapo nikakata.

Nilikaa chini ya ngazi na bomba la jirani. Mwanzoni niliudhika, usidhani sikuudhika. Barua zako zilipokuja na habari za rangi na kitanda niliudhika zaidi, ndiyo maana nikakuandikia matangazo. Uliponiambia ni masikio, kwa siku chache niliamini, kwa sababu ingekuwa rahisi sana. Kisha ukaniletea kipimo. Wewe ni hodari wa kazi yako, mwanangu. Afadhali ungekuwa mbovu kidogo.

Kesho yake baada ya kutolewa ukumbini nilikaa kwenye ngazi za nje za maktaba, mahali palipo na upepo na pasipo na mtu wa kusumbua, nikampigia. Tuliongea muda mrefu. Hatukulitaja. Aliniambia kuhusu mlango wa kabati. Nikamwambia kuhusu kofia mkononi, akacheka, na nilipomsikia akicheka nilimwona amekaa juu ya ukuta wa nyuma, miguu inaning'inia, umri wake ishirini na sita, wewe ukiwa mgongoni kwake na meno yako mawili. Sikumwona bibi wa mtu yeyote. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akiropoka. Alikuwa amelisema kabla yangu, basi, na kwa sauti ya juu kuliko ambavyo ningethubutu.

Kabla hatujaagana aliniuliza kama lile shati la kijani bado ninalo. Nikamwambia ninalo. Akasema, "Usilifue kwa maji ya moto." Kisha tukangojeana, kila mmoja ahakikishe mwenzake amekata.

Usimwonyeshe picha yangu yoyote. Nami usinitumie yake.

Sasa kuhusu chumba cha uani. Najua mmekihangaikia, na mwombe baba watoto anisamehe jasho lake. Msirudishe magunia. Kitanda wape wageni. Weka kiti kimoja kizuri, chenye mikono, na mto mgongoni. Ule mpira wa mlango unaouomba tangu mwaka juzi, ukija, agiza miwili, wa pili uubandike kwenye mlango wa chumba hicho. Kila Jumamosi alasiri, wakati ngazi za maktaba zina kivuli, nitampigia mdogo wangu. Aingie humo, afunge mlango, aweke spika, sauti mwisho kabisa kama anavyopenda. Benki hawatamsikia, wagonjwa wako hawatanyoosha mkono. Wajukuu waambie mlango huo ukifungwa wasigonge.

Mjibu mama yako kwamba nimepata ujumbe wake, na kwamba namshukuru kwa kunikaribisha. Ukiniuliza tena tarehe sitakujibu, kwa hiyo nakujibu leo, bila hasira.

Sitarudi.

Mjomba wako